Kupuliza chupa ya Kirumi: kuanzia tonge la kioo hadi mpini

Mwaka 301 kaisari Diocletian alitangaza bei za juu kabisa za bidhaa katika dola ya Roma, na kioo kimo katika orodha hiyo. Kioo kibichi cha Yudea, kile chenye ukijani, kiliwekewa dinari 13 kwa ratili ya Kirumi, yaani gramu 325 hivi. Bilauri na vyombo visivyo na nakshi vya kioo hicho hicho viliwekewa dinari 20. Tofauti ni dinari 7, na humo humo zimo kuni, ujira wa fundi na msaidizi wake, vyombo vilivyopasuka na faida ya mwenye karakana.

Tumeanza na bei kwa sababu tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoeleza umbo la chupa ya Kirumi. Aliyetaka kula kwa kazi hii ilimbidi atoe vyombo vingi kwa siku moja. Mdomo uliokunjwa, kovu chini ya kitako, shingo iliyopinda kidogo: kila kimoja ni alama ya hatua iliyookoa muda. Anayenakili chombo cha Kirumi kwa kwenda polepole na kunyoosha kila kona hupata chombo kizuri, ila si cha Kirumi. Kwa hiyo katika hatua zote zinazofuata tunataja sekunde, na tunaomba uzichukue kwa uzito.

Utapuliza vyombo viwili. Cha kwanza ni chupa ndogo ya marashi, urefu sentimeta 12, shingo ndefu mithili ya mrashi, isiyohitaji kuhamishwa kutoka kwenye bomba la kupulizia. Cha pili ni jagi lenye mdomo uliokunjwa na mpini. Mwishoni tunaongeza chupa ya pembe nne inayopulizwa ndani ya kalibu.

Kioo chenyewe

Kioo cha Kirumi kilitengenezwa kwa vitu viwili: mchanga wa pwani na magadi. Mchanga uliosifiwa kuliko yote ulitoka mdomoni mwa mto Belus, karibu na Akka, na sifa yake ni kwamba ulikuwa na vipande vya makombe ya baharini ndani yake. Makombe hayo yalileta chokaa bila mtu kupima. Magadi yalitoka Wadi el-Natrun, Misri. Ni madini ya jamaa moja na magadi yanayotiwa kwenye maharage au kuchanganywa na tumbaku huku kwetu. Ziwa Magadi la Kenya na Ziwa Natron la Tanzania yamebeba majina yake, na soda ya Magadi inanunuliwa na viwanda vya vioo hadi leo.

Kila kitu kina kazi yake. Mchanga ndio mwili, lakini peke yake hauyeyuki hadi zaidi ya nyuzi 1700. Magadi huushusha hadi joto ambalo kuni zinaweza kulifikia. Chokaa huzuia kioo kisiyeyuke majini, kwa maana mchanga na magadi bila chokaa hutoa kitu kinachong'aa leo na kuwa utelezi kikikaa kwenye unyevu. Kipimo cha kioo cha Kirumi ni takriban asilimia 70 mchanga safi, asilimia 17 soda na asilimia 8 chokaa, kinachobaki ni alumina na uchafu. Ukitaka kupika kilo 100 mwenyewe, changanya kilo 72 za mchanga mweupe uliooshwa, kilo 29 za soda kavu ya kiwandani na kilo 14 za unga wa makombe au mawe ya chokaa. Jumla ni kilo 115. Zile 15 na zaidi kidogo hupotea kama gesi. Ukitumia magadi ghafi badala ya soda kavu utahitaji kilo 41 hivi, na yawe yamechambuliwa chumvi.

Usizidishe chokaa. Huko Beth She'arim, katika Galilaya, kuna bamba moja la kioo lenye uzito wa takriban tani 9, urefu mita 3.4, lililoachwa pangoni mahali lilipopikiwa. Ni la karne kadhaa baada ya Warumi, lakini tanuri lilikuwa la namna ile ile. Chokaa kilizidi, kioo kikaota fuwele na kuwa kizito kisichopenya mwanga, na kazi yote ikawa bure.

Ushauri wetu ni huu: usipike. Wapulizaji wa Kirumi wenyewe hawakupika. Waliopika walikuwa wachache huko Misri na Palestina, wakivunja mabamba yao makubwa na kuyasafirisha kama mawe. Jahazi lililozama karibu na Embiez, kusini mwa Ufaransa, lilikuwa na tani nyingi za kioo kibichi cha aina hiyo. Mpulizaji wa Cologne au London alinunua mawe hayo, akachanganya na vigae. Vigae vilikuwa mali: katika jahazi la Iulia Felix lililozama karibu na Grado, Italia, lilipatikana pipa zima la vipande vya vyombo vilivyovunjika, vikienda kuyeyushwa upya.

Nawe tumia vigae, kwa sharti moja: vyote viwe vya chanzo kimoja. Chupa za soda za kampuni moja, rangi moja, zimeoshwa na kutolewa lebo. Kioo cha dirisha na cha chupa havitanuki sawa. Ukivichanganya chombo kitapasuka kikiwa kimepoa, pengine wiki moja baadaye, bila kuguswa. Kioo cha bakuli za kuokea mikate usikiingize kabisa, ni cha jamaa nyingine. Ujue pia kwamba kioo cha chupa za leo kina soda asilimia 13 hivi, kwa hiyo kinakaza upesi kuliko cha Kirumi. Tanuri lako liwe na joto zaidi kidogo, na mkono wako uwe mwepesi zaidi.

Rangi ya kijani-buluu ya vyombo vya kawaida haikutiwa. Ni chuma kilichokuwamo mchangani. Aliyetaka kioo kisicho na rangi alitia madini ya antimoni au manganizi. Aliyetaka buluu nzito alitia kobalti kidogo sana. Na zile rangi za upinde wa mvua unazoziona kwenye vyombo vya makumbusho si kazi ya fundi. Ni ngozi ya kioo iliyoliwa na unyevu wa ardhini kwa karne nyingi, ikaachana tabaka kwa tabaka. Usijaribu kuiiga.

Tanuri

Taa moja ya udongo ya karne ya 1, iliyopatikana Asseria katika Kroatia ya leo, ina picha ndogo ya kazi hii: tanuri lenye ghorofa, mpulizaji ameketi na bomba mdomoni, na mwenzake upande wa pili. Zingatia kwamba ameketi, na tanuri ni dogo. Kiti kirefu chenye mikono miwili ya kuviringishia bomba, kinachotumiwa katika karakana za leo, kilikuja baadaye sana.

Jenga tanuri la mviringo, upana wa mita 1 kwa nje na sentimeta 60 kwa ndani. Tumia udongo mfinyanzi sehemu 1 kwa sehemu 2 za mchanga na vigae vya vyungu vilivyosagwa, pamoja na nyasi kavu zilizokatwa fupi. Chini ni chumba cha moto chenye mlango wa kuni. Juu yake sakafu yenye tundu kubwa katikati, na pembeni mwa tundu hilo kalisha chungu cha kuyeyushia. Mbele ya chungu acha tundu la kufanyia kazi, upana sentimeta 14. Ghorofa ya juu kabisa ni chemba ndogo inayopata moto uliokwisha nguvu, nayo ndiyo ya kupumzishia vyombo, yaani kuvipoza polepole visipasuke. Acha likauke wiki 2 kivulini, kisha uwashe moto mdogo siku 2 kabla ya moto mkubwa. Nyufa karibu zote hutokana na haraka katika siku hizo.

Kuni ziwe kavu, zimepasuliwa unene wa kifundo cha mkono. Tia kidogo kidogo kila baada ya dakika chache. Mzigo mkubwa wa mara moja hushusha joto na kuleta moshi, na moshi huchafua uso wa kioo. Kule Quarley, kusini mwa Uingereza, mafundi Mark Taylor na David Hill walijenga matanuri ya namna hii mwaka 2005 na 2006, wakayawasha kwa kuni wiki kadhaa na kupuliza ndani yake vyombo vya kila aina, kwa hiyo wazo kwamba kuni hazitoshi limekwisha jibiwa. Ukiwa na tanuri la gesi, liweke nyuzi 1100 wakati wa kuyeyusha na 1050 wakati wa kupuliza.

Acha vigae vilivyoyeyuka vitulie usiku mmoja. Ukiona bado kuna viputo vidogo kama mbegu za ufuta, kioo hakijapata muda au joto la kutosha. Vichache viache, Warumi waliviacha.

Vifaa

Bomba la chuma lenye urefu wa mita 1 hadi 1.2, tundu lake milimita 6. Fito mbili za chuma, unene wa kidole kidogo. Koleo refu la mikono miwili inayonyooka kama vibanio, lisilo na meno. Bamba la jiwe laini au chuma, sentimeta 40 kwa 30, kwa ajili ya kuviringishia. Kibao cha mti mgumu kilicholowekwa usiku kucha. Kitana cha chuma chenye meno 5 au 6 butu. Ndoo ya maji. Sanduku la majivu makavu.

Vaa pamba, kwa kuwa nguo za nailoni huyeyukia mwilini. Vaa miwani ya kuchomelea namba 3 unapotazama ndani ya tanuri. Ukipima mchanga au soda, vaa barakoa ya vumbi. Kioo cha nyuzi 400 hakina rangi yoyote ya moto, kinafanana kabisa na kilichopoa, basi hakuna kuokota kilichoanguka kwa mkono.

Chupa ya marashi

Pasha ncha ya bomba hadi ianze kuwa nyekundu iliyofifia. Ikiwa baridi, kioo kitakataa kushika na kitabanduka kama ugali kwenye sufuria yenye mafuta. Ikiwa nyekundu sana, kioo kitatiririka na magamba ya kutu yataingia ndani.

Ingiza bomba likiinamia chini kidogo, liguse uso wa kioo kwa kina cha sentimeta 1 tu. Zungusha mara 3, inua huku unazungusha, subiri uzi wa kioo ukatike, toa. Kwenye ncha unatakiwa uwe na tonge kama ndimu ndogo, gramu 60 hadi 70. Kuanzia sasa hadi mwisho, bomba lisiache kuzunguka. Kioo cha moto hufuata ardhi. Mzunguko ndio unaokidanganya kwamba hakuna chini. Ukisimama sekunde 2 tonge litalala upande mmoja, na upande huo utakuwa mnene hadi chombo kiishe.

Viringisha tonge juu ya bamba mara 3 au 4, si zaidi ya sekunde 6. Hapa hutafuti umbo tu. Bamba linapoza ngozi ya nje huku moyo ukibaki laini, na ngozi hiyo ndiyo itakayoshika hewa ukuta utanuke sawasawa. Ukiviringisha kidogo mno, pumzi itatoboa upande ulio laini zaidi. Ukizidisha, hakuna kitakachoingia.

Sasa puliza pumzi fupi na uzibe tundu la bomba kwa kidole gumba papo hapo. Hewa iliyonaswa inapata moto na kutanuka yenyewe. Tazama ndani ya tonge: baada ya sekunde 1 au 2 utaona kiputo kama punje ya harage kikitokea karibu na ncha ya bomba, kikisogea mbele kama kinavuta pumzi yake mwenyewe. Kikifika ukubwa wa jicho la mbuzi, fungua kidole. Kiputo kikikaa upande, rudisha kwenye moto sekunde 10, viringisha upande mwembamba ili upoe, puliza tena. Ni hapa tu kosa la namna hii linarekebishika.

Rudisha kwenye moto sekunde 10 hadi 12, toa, elekeza bomba chini na ulipunge taratibu kama pendulo ya saa ya ukutani, mara 3 au 4. Uzito wenyewe utavuta shingo. Halafu bana shingo kwa koleo sentimeta 1.5 kutoka kwenye bomba, huku ukizungusha, hadi ibaki unene wa kidole. Usibane kwa nguvu: koleo linatakiwa liguse tu, mzunguko ufanye kazi. Moto tena sekunde 8, sehemu ya chini pekee, puliza hadi tumbo lifikie upana wa sentimeta 3.5, kandamiza kitako kwenye bamba mara moja kiwe bapa.

Shingo ikitoka nene na tumbo jembamba kama ganda la yai, tatizo ni mpangilio wa moto, maana sehemu inayopata moto zaidi ndiyo inayotanuka. Unapoingiza chombo tanurini jiulize kila mara ni sehemu gani unataka isogee, uingize hiyo tu.

Kukata: dondosha tone la maji kwa ncha ya koleo kwenye mstari ule ulioubana, shika bomba juu ya sanduku la majivu, gonga bomba mara moja kwa kijiti. Chupa itaanguka. Kwenye bomba kitabaki kishina cha kioo chenye umbo la mviringo na tundu katikati. Vishina hivi ndivyo wanaakiolojia wanavyovitafuta, kwa sababu sufuria na mabomba huchukuliwa na kutumika kwingine, lakini kishina kikipatikana ardhini kwa wingi, hapo palipulizwa kioo. Peleka chupa chemba ya juu mara moja. Mdomo wake ni mkali; ukipoa utausugua kwa jiwe la kunolea lenye maji. Bilauri nyingi za mwanzo wa karne ya 1 zilimaliziwa hivyo hivyo.

Kuanzia tonge hadi majivu isizidi dakika 3.

Jagi: kuhamisha, kukunja mdomo, kutia mpini

Chukua tonge la gramu 180 hadi 200, kwa mara mbili: tonge dogo kwanza, kiputo, liache lipoe hadi wekundu uishe, kisha lichovye tena. Puliza hadi tumbo lipate upana wa sentimeta 9, bana shingo upana wa sentimeta 3, sukuma katikati ya kitako kwa ncha ya kijiti kilicholowa kiingie ndani kidogo. Acha mabega yawe manene kuliko kawaida. Sababu utaiona.

Msaidizi achukue ufito na tone la kioo kama ncha ya kidole, aliviringishe liwe bapa, aligusishe majivu, kisha alikandamize katikati ya kitako. Mafundi huita ufito huu pontili. Hapa watu wengi hukata tamaa, na sababu ni joto tu. Tone likiwa la moto sana litaungana moja kwa moja na kitako, na mwishoni utang'oa kipande na kuacha tundu. Likiwa baridi, jagi litaanguka wakati unakunja mdomo. Liache nje sekunde 8 hadi 10 baada ya kuliviringisha, hadi linapoguswa na bamba halibadiliki umbo. Majivu yanapunguza mshiko.

Maji kwenye shingo, gonga, jagi sasa limeshikwa chini na shingo iko wazi. Lirudishe motoni mara moja, lote kwa sekunde 5, kisha shingo peke yake. Ufito haukuondoa hitaji la kuzungusha.

Mdomo. Pasha sentimeta 2 za mwisho hadi zianze kulegea. Ingiza ncha ya koleo na uzifungue ziwe kama kisahani. Pasha tena. Sasa shika ukingo wa kisahani kwa ncha ya koleo, uukunje juu na kwa ndani ujilalie wenyewe, kisha kandamiza mdomo wote kwenye bamba mara moja. Ukitazama kwa karibu utaona ndani ya mkunjo mstari wa hewa uliozungushwa kama bomba jembamba. Mstari huo ni halali, upo kwenye maelfu ya chupa za Kirumi. Mkunjo huu unafanya mambo matatu kwa pumzi moja: ukingo mkali wa kukatia unafichwa ndani bila kusuguliwa, mdomo unakuwa mnene usiovunjika upesi, na kamba ya kufungia kizibo inapata mahali pa kushika. Ukiona mkunjo umepasuka, uliukunja ukiwa umepoa. Rangi yake ingekuwa chungwa, si nyekundu iliyofifia.

Mpini. Msaidizi alete tonge la gramu 25 la moto mkali kwenye ufito wa pili. Kabla ya hapo pasha jagi zima sekunde 6, kwa kuwa kioo cha moto kikigusa bega lililopoa chini ya nyuzi 500 kitalipasua, nyufa zikitawanyika kama miale. Gusisha tonge kwenye bega, likandamize, na papo hapo lichape kitana kutoka juu kwenda chini ili mifereji ijichore. Vuta juu polepole. Mifereji itarefuka pamoja na mpini na kuwa mistari myembamba. Ukifika usawa wa mdomo, pinda kwenda shingoni na ubandike chini ya mkunjo. Kioo kinachobaki kikunje juu yake kama kipande cha utepe, ubane, halafu vuta uzi wa mwisho ukatike. Kazi yote ya mpini ni sekunde 15 hadi 20. Ndiyo maana Warumi walianzia begani na kupanda: mahali penye uzito mkubwa ndipo palipopata kioo cha moto zaidi, na pachiko la juu, linalobeba kidogo, lilipata kilichoanza kukaza.

Bega likibonyea chini ya mpini, lilikuwa jembamba. Hiyo ndiyo sababu ya kuliacha nene.

Gonga ufito karibu na kiungo, jagi litaachia juu ya majivu. Kovu linalobaki usilisugue.

Chupa ya pembe nne

Kuanzia nusu ya pili ya karne ya 1 hadi karne ya 3 hii ndiyo ilikuwa chupa ya biashara. Pembe nne ziliifanya ipangike kwenye sanduku bila nafasi kupotea, na mpini haukutoka nje ya mraba.

Kalibu ni mabamba 4 ya jiwe au udongo uliochomwa na la 5 la chini, ambalo mara nyingi lilichorwa miduara au herufi zinazotokea kitakoni. Kwa kipimo cha sentimeta 7 kwa 7, urefu 11, tumia kioo gramu 350 hivi. Kalibu haina mabega. Puliza kwanza kiputo kirefu chembamba kuliko kalibu, kiingize kikiwa cha moto mkali, puliza kwa nguvu mara moja, sekunde 2 au 3, toa. Pasha kalibu kabla ya kazi. Ikiwa baridi, uso wa chupa utatoka na mikunjo kama ngozi ya maziwa. Pembe zikitoka butu, kioo kilikuwa kimeshapoa, na kupuliza zaidi hakusaidii. Mabega, shingo, mdomo na mpini hufanywa kwa mkono kama ilivyoelezwa.

Ennion, fundi wa kioo anayedhaniwa kuwa wa Sidon (katika Lebanoni ya leo), katika nusu ya kwanza ya karne ya 1, alipeleka kalibu mbali zaidi: nakshi za majani na mizabibu, viungo vya kalibu vimefichwa ndani ya mistari ya nakshi, na jina lake kwa Kigiriki, "Ennion alifanya". Anza na pembe nne kwanza.

Kupumzisha

Kioo kinachopoa nje upesi na ndani polepole hubaki kinavutana. Kwenye chemba ya kuni, weka vyombo vyote, ziba kwa udongo, acha moto ufe wenyewe, na usifungue hadi asubuhi ya pili. Kwenye joko la umeme, ukuta ukiwa milimita 3, shikilia nyuzi 540 kwa saa 1, shusha nyuzi 60 kwa saa hadi 370, kisha nyuzi 120 kwa saa hadi joto la chumba. Jagi lipimwe kwa unene wa pachiko la mpini, si wa ukuta: hapo pana milimita 8 au zaidi, basi shikilia saa 2 na ushushe kwa nusu ya kasi hiyo.

Ufa unaoanzia pachiko la chini la mpini na kuzunguka bega ni wa kupumzisha vibaya. Ufa mfupi ulionyooka katikati ya kitako ni wa pontili. Ufa unaozunguka jiwe dogo jeupe ndani ya ukuta ni wa chungu: kipande cha udongo kimemeguka, na chungu hicho kimefika mwisho wake.

Chombo kisichopasuka bado kinaweza kuwa na mvutano ndani. Chukua vipande viwili vya plastiki ya miwani ya jua ya kuchuja mwanga (ile ya polaroidi), vipishanishe hadi vizime taa iliyo nyuma yake, weka jagi katikati yake na uligeuze taratibu. Kioo kilichotulia hubaki cheusi kama kivuli kinachokizunguka. Ukiona mwanga mweupe ukijikusanya penye pachiko la mpini au kuzunguka kovu la kitako, lirudishe jokoni nyuzi 540 kabla ya kulitia maji.